Kabichi ya Dakika ya Themanini na Tatu

Rutagengwa hakuwa amekwenda Mahoko kutafuta kipa. Alikwenda sokoni kununua karoti na viazi vya nyumbani, mvua ikamkuta, akajibanza kwenye kibaraza cha duka la mbolea akiwa amenuna, maana Rutagengwa ni mtu anayeweza kugombana hata na mvua. Mbele yake lilisimama Fuso likipakiwa kabichi za kwenda Kigali. Chini, kando ya lori, alikuwapo msichana mfupi mwenye mabega mapana. Juu, amesimama kwenye kabichi zenyewe, alikuwapo msichana mwingine, mrefu, mikono kama haina mwisho. Wa chini anaita, "Kamata!" Wa juu anaitika, "Leta!" Kabichi inapaa, wa juu anaidaka kwa mikono miwili, na kabla hujapepesa jicho ameshaitupa nyuma kwa mtu wa kuzipanga bila kugeuka kumtazama.

Rutagengwa akaanza kuhesabu. Alifika sitini na mbili na hakuna hata moja iliyoanguka, na zote zilikuwa zinachuruzika maji.

Ilikuwa inamuudhi, kwa kweli. Alikuwa amefundisha makipa kwa miaka ishirini na sita, wanaume kwa wanawake, na kwa wote alikuwa na amri moja: mpira ukilowa, piga ngumi. Usidake. Mpira mbichi ni adui. Sasa huyu binti wa watu, ambaye hakuna mtu aliyemfundisha chochote, alikuwa anadaka vitu vizito kuliko mpira, kwenye mvua, juu ya rundo linaloteleza, huku akipiga soga.

"Binti," akamwita kwa sauti, "ikianguka inakuwaje?"

Aliyemjibu ni mama mmoja aliyeketi chini ya mwavuli mkubwa. Jina lake Uwamahoro, mwenye kabichi, na yule mrefu juu ya lori alikuwa mtoto wa marehemu dada yake.

"Muzee, hapa tuko na sheria," alisema, akiiita kabichi shu kama wenyeji wote. "Wa chini akiita, wa juu hayaitika bado, na wa chini anatupa tu, basi shu ikipasuka iko ya wa chini. Lakini wa juu akisema 'leta', halafu imuponyoke, iko yake. Mwenye shu ya kupasuka anaibeba ku nyumba, njo mboga yake ya mangaribi. Hakuna nyama, hakuna mafuta. Ni ile shu tu, ya kuchemsha, mupaka iishe."

"Kwetu hatuyakula shu ya kupasuka tangu mwaka juzi," alisema yule wa juu, akadaka nyingine.

Ndivyo Rutagengwa alivyompata Akaliza. Na ndivyo alivyompata Belise pia, yule wa chini, kwa sababu Mama Uwamahoro alikataa katakata kuwatenganisha. "Umupeleke na mwenzake," alisema. "Huyu wa juu bila yule wa chini hatashika kitu." Rutagengwa alikubali kwa shingo upande, akidhani amebebeshwa mzigo. Mwezi haukuisha kabla hajagundua kwamba mzigo wenyewe ni beki ambaye washambuliaji wakimgonga wanaanguka wao.

*

Miezi kumi na minane baadaye wasichana hao wawili walivaa jezi ya taifa. Yalikuwa mashindano ya wasichana walio chini ya miaka kumi na saba, nchi sita za jirani, na safari hii yalikuwa yanachezwa nyumbani kwao kabisa, Gisenyi. Timu ililala katika nyumba moja kubwa huko Nengo, yenye veranda inayotazama ziwa. Mpishi aliitwa Valentin, mtu wa maneno mengi na chumvi ya wastani. Kocha mkuu alikuwa Nziza, mwanamke wa miaka thelathini na tano aliyekulia Uganda, asiyependa maneno mengi wala kushindwa.

Nziza alimpenda Akaliza kwa kitu kimoja: akishadaka, mpira haukai mikononi. Unatoka hapo hapo, kwa mkono, hadi kwa winga, kabla timu pinzani haijageuka. Kipa mwingine, Kabatesi, alikuwa na uzoefu zaidi na alifanya kila alichoagizwa. Rutagengwa alisema ngumi, Kabatesi akapiga ngumi. Akaliza alisema "ndiyo, muzee", halafu akadaka.

"Huyu atakuja kuniua," Rutagengwa alimwambia Nziza.

"Mzee, ameangusha mpira mara ngapi?"

"Hajaangusha. Ndiyo maana naogopa."

Kilichokuwa nyuma ya woga huo hakumwambia mtu, wala mkewe. Rutagengwa alizaliwa Karagwe, Tanzania, wazazi wake wakiwa wakimbizi, na akiwa na miaka ishirini alikuwa kipa wa timu ya wilaya. Siku ya fainali mvua ilinyesha. Krosi ilikuja, beki wake akamwita, akaitika "wangu!", akaudaka mpira mikononi kabisa, nao ukamponyoka ukaingia langoni. Kuanzia siku hiyo hadi familia yake iliporudi Rwanda hakuitwa tena kwa jina lake. Aliitwa Sabuni. Watoto walimwita Sabuni, muuza duka alimwita Sabuni, na kila aliyemuuliza alimjibu jibu moja: ilikuwa mvua. Akaja kulifanya jibu hilo kuwa somo, akawafundisha makipa wa nchi nzima kuogopa mpira uliolowa.

*

Mechi ya kwanza ilikuwa na Burundi. Watu walijaa hadi wengine wakasimama nje wakichungulia. Rwanda walipata bao mapema, na dakika ya sabini mvua ikaanza kushuka kutoka upande wa milimani, ikipiga paa la jukwaa kwa kishindo hata Rutagengwa, kwenye benchi, hakusikia anachosema mwenyewe.

Dakika ya themanini na tatu Belise alikuwa na mpira mguuni, ametazama lango lake, na Warundi wawili wako mgongoni. Rutagengwa aliona mdomo wake ukifunguka. Kisha Belise akaurudisha mpira kwa Akaliza kwa upande wa ndani wa mguu, mpira mzuri, taratibu, wa kupiga mbali tu.

Akaliza akainama akaudaka.

Sheria hii anaijua hata mtoto anayecheza mpira wa majani ya migomba: mwenzako akikurudishia mpira kwa mguu makusudi, kipa huushiki kwa mikono. Akaliza aliijua vilevile. Lakini jasiri haachi asili, na mkono uliozoea kupokea kutoka kwa mtu mmoja kwa miaka mingi haungoji kuuliza sheria. Tena hakuishia hapo. Aliudaka na kuurusha kwa winga kwa utulivu kabisa, kama yuko juu ya Fuso, na aliposikia kipyenga akatazama huku na huku kutafuta ni nani amekosea.

Warundi walipewa mpira wa adhabu hatua chache tu kutoka langoni. Timu nzima ya Rwanda ilijipanga mstarini. Mmoja aligusa, mwenzake akapiga, nyavu zikatikisika. Sare, bao moja kwa moja. Mechi ikaishia hapo.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo, Nziza aliuliza kwa sauti ya chini, "Akaliza, nini kilitokea?"

"Nimekosa, kocha."

"Basi?"

"Nimekosa."

Belise alikuwa ameinama anafungua kamba za viatu, na kamba hizo zilimchukua muda mrefu sana. Hapo Rutagengwa akalipuka. Alimfokea Akaliza mbele ya wote: miezi kumi na minane ya kufundishwa, kosa la mtoto wa darasa la pili, mbele ya nchi sita. Akasema mikono yake haina akili. Msichana alisimama wima akasikiliza mpaka mwisho, machozi hayakumtoka, na aliketi tu mzee alipoishiwa na maneno. Ilikuwa hasira, lakini zaidi ilikuwa hofu, maana Rutagengwa alishajua kitakachofuata.

Na kilifuata jioni hiyo hiyo. Video ilizunguka kwenye simu kutoka Nengo hadi Kigali na kuvuka mipaka: msichana anadaka asichopaswa kudaka, kisha anarusha, kisha anashangaa. Mtu fulani aligundua kwamba alikuwa mpakiaji wa kabichi Mahoko. Kesho yake, timu ilipotembea kwenda mazoezini, vijana wa pikipiki waliokuwa wanasubiri abiria wakaita, "Shu! We Shu, kamata!" Akaliza aliinua mkono akawapungia, na Rutagengwa, aliyekuwa nyuma yake, akaongeza hatua kumkaribia. Sabuni mwingine ameshazaliwa, aliwaza, na nimemleta mimi.

Nziza alitangaza kwamba Kabatesi ndiye atakayedaka mechi inayofuata.

*

Aliyefichua mambo alikuwa Valentin mpishi. Siku ya tatu alimfuata Rutagengwa verandani, kijiko mkononi, ameudhika.

"Muzee, hawa batoto babili wananitukana? Ninapika kuku, ninapika samaki wa sauce tomate. Bo banaomba shu ya kuchemsha. Bila mafuta. Siku tatu! Banasema nini juu ya chakula yangu?"

"Watoto gani wawili?"

"Kipa yako na ule beki."

Rutagengwa alikwenda chumba cha chakula akasimama mlangoni. Wenzao walikuwa wanakula kuku na kucheka. Mwisho wa meza, Akaliza na Belise walikaa wakitazamana, kila mmoja na sahani yake ya kabichi iliyopauka, wanakula kimya kama watu waliokasirikiana. Alihitaji dakika nzima kukumbuka mwavuli wa Mama Uwamahoro na sheria yake. Mboga ya mangaribi. Ya mwenye kabichi iliyopasuka.

Akawaita nje.

"Kwa nini mnakula kabichi?"

"Iko yangu, muzee," Belise alijibu upesi, kama aliyengoja kuulizwa. "Ule mupira, mi njo niliita. Nilisema 'kamata' na kinywa yangu. Hakuitika, na mi nikatuma tu. Ya kutuma bila kuitikiwa ni ya mutupaji. Na pale ku vestiaire, ku chumba ya kubadilisha nguo, niliogopa kusema, njo maana ninakula hata ya kuogopa."

"Anakudanganya," alisema Akaliza. "Mi niliitika."

"Haukuitika. Sikusikia kitu."

"Mikono iliitika. Ilikuwa tayari, we uliiona. Mikono ikiwa tayari ni sawa na kusema 'leta'. Iko yangu."

"Mikono haihesabike! Muliza Mama Uwamahoro."

"Muzee, umuambie aache shu yangu."

Waliendelea hivyo, na Rutagengwa akaelewa kwamba wamekuwa wakigombana hivyo kwa siku tatu, si kila mmoja akimsukumia mwenzake kosa, bali kila mmoja akilivuta kwake, na kwa kuwa hawakuafikiana, kila jioni walikuwa wanalila wote wawili. Watoto wa miaka kumi na sita. Alijiona mwenyewe Karagwe akiwa na miaka ishirini, amelowa, akimwambia kila mtu kwamba ilikuwa mvua. Mficha uchi hazai, husema watu, na yeye alikuwa ameficha kwa miaka thelathini na miwili. Akawaambia warudi wakamalize chakula.

Hakumwomba Akaliza radhi kwa maneno ya chumbani. Alikusudia, hata alifungua mdomo, lakini mzee kumwomba mtoto radhi ni mlango wenye kutu, naye hakupata nguvu ya kuusukuma siku ile.

Alikwenda kwa Nziza, akamweleza yote. Nziza alicheka kidogo na kufuta macho.

"Mzee, mimi nafundisha miaka tisa. Kila wiki wachezaji wanakuja kwangu kuniambia kosa ni la nani. Wawili wanaogombania kosa sijawahi kuona." Halafu uso wake ukarudi kazini. "Lakini tabia nzuri haizuii goli. Waache hayo maneno yao ya lori. Kamata, leta, sitaki kuyasikia uwanjani."

"Hapana," alisema Rutagengwa, na akajishangaa. "Ukimnyang'anya ile sauti, umemnyang'anya mikono. Ndiyo inayomfanya adake. Niachie mimi. Mpira ukitoka mguuni, hakuna kamata wala leta, ni kupiga mbali. Ukitoka kichwani, sheria inaruhusu. Nitawafundisha kutofautisha."

"Na ngumi je?"

"Ngumi tuache kwanza."

Walifanya kazi asubuhi nne. Mguu, kichwa, mguu, mguu, kichwa. Belise alipokosea akaita "kamata" baada ya kupiga kwa mguu, wote watatu walizunguka uwanja mbio, na mzee akiwa mmoja wao, akihema kama mvukuto. Siku moja Mama Uwamahoro alifika na gunia la kabichi, zawadi ya kambi, na Rutagengwa akapata wazo la kutumia chache kwa mazoezi. Mama alizikusanya zote akazikalia.

"Chakula hakipigwe teke, muzee," alisema. "Mutanzania gani huyu?"

*

Kabatesi alidaka vizuri dhidi ya Kenya, mbili bila. Nusu fainali ilikuwa na Uganda na mvua ilirudi. Alipiga ngumi kila kilichokuja, kama alivyofundishwa, na mara mbili mpira aliopiga ngumi uliangukia miguuni mwa Waganda ukarudi langoni. Rwanda walishinda tatu kwa mbili, kwa bahati na kwa jasho. Rutagengwa hakulala vizuri usiku huo, kwa sababu yale mabao mawili aliyatambua. Yalikuwa ya kwake, si ya Kabatesi.

Fainali ilikuwa Jumapili, na Tanzania. Saa sita mchana wingu lilikuwa limeketi juu ya mlima Rubavu, jeusi, halina haraka. Nziza alisimama verandani akalitazama, kisha akamtazama Rutagengwa.

"Mvua ikinyesha nataka mtu asiyeachia mpira. Wewe unasemaje, Mzee?"

Alijua anachoulizwa. Akimtaja Akaliza na akakosea tena, mbele ya uwanja mzima, jina lile litamganda maisha yake yote, nao wataharibikiwa pamoja. Akimwacha benchi, litamganda vilevile.

"Akaliza," alisema.

Kabatesi ndiye aliyemfunga mwenzake glavu. Alizikaza vifundoni, akazipigapiga, akasema, "Mi nitakuwa nyuma ya goli. Ukichoka kusikia bale ba pikipiki, unisikie mi."

Uwanja ulipomwona Akaliza akitoka, kelele zilikuwa za namna mbili. Wengine walishangilia. Wengine waliimba, "Shu! Shu! Shu!" Mvua ilianza dakika ya kumi. Kona ya kwanza ya Tanzania ilipopigwa, Rutagengwa alisimama akapiga ukelele, "Ngumi!", mazoea hayo, na Akaliza akapaa katikati ya vichwa akaudaka kwa mikono miwili kifuani. Mzee aliketi. Kona ya pili alikalia viganja vyake vya mikono. Ya tatu hakuhitaji kuvikalia tena.

Na kwa kweli msichana yule alikuwa wa kutazamwa. Watanzania walikuwa na mshambuliaji namba tisa, mrefu, mwepesi, mwenye shuti la kuuma, ambaye alikuwa amefunga katika kila mechi. Alipiga chini, Akaliza akadaka. Alipiga juu, akadaka. Alipiga mpira uliodunda kwenye dimbwi ukabadilisha njia, Akaliza akabadilika nao, akaudaka. Hakuna hata mmoja uliorudi uwanjani. Kufikia dakika ya sitini wale wa "Shu! Shu!" walikuwa bado wanaimba, lakini wimbo ulikuwa umegeuka, na walikuwa wanauimba kila alipodaka. Rutagengwa alimtazama akasahau kuogopa. Miaka ishirini na sita alikuwa amewaambia watu kwamba jambo hili haliwezekani.

Dakika ya themanini na nane, bado bila kwa bila. Mpira mrefu ulipigwa nyuma ya mabeki wa Rwanda. Belise alikimbia kuufuata, uso kwa lango lake, namba tisa begani mwake. Uwanja mzima ulikuwa umeshaiona picha hii kwenye simu. Kelele zilikatika ghafla, kiasi kwamba Rutagengwa alisikia mvua kwenye majani.

Mpira ulidunda, ukaruka hadi usawa wa uso. Belise aliupiga kichwa kurudi nyuma.

"Kamata!"

Safari hii mzee alisikia. Na alisikia jibu pia, sauti nyembamba, wazi, iliyofika hadi kwenye benchi.

"Leta!"

Akaliza akadaka.

Namba tisa alisimama akainua mikono, akimgeukia mwamuzi. Wenzake watatu wakasimama, mikono juu. Mabeki wao nyuma walisimama. Benchi lao lote liliinuka likipiga kelele, na hata nusu ya mashabiki wa Rwanda walishika vichwa. Kila mtu alikuwa ameshaona ile video, na kila mtu alikuwa anangoja kipyenga. Mwamuzi alitandaza mikono: chezeni, kichwa si mguu.

Akaliza hakumtazama mwamuzi. Mpira ulikuwa umeshatoka mikononi mwake. Juu ya Fuso hakuna muda wa kukaa na kabichi, nyingine inakuja. Ulipita juu ya vichwa vya watu waliosimama ukamfikia Ndayisenga, winga wa kulia, msichana mdogo kuliko wote timuni, ambaye pengine alikuwa mtu pekee upande ule aliyekuwa anakimbia. Walipogeuka alikuwa ameshawaacha. Kipa wa Tanzania alitoka kwa ujasiri, akajitupa miguuni mwake, na Ndayisenga akausukuma mpira pembeni yake, taratibu, ukaenda ukiteleza kwenye maji hadi wavuni.

Rutagengwa hakushangilia. Alibaki amekaa, mvua ikimtiririka usoni, na ilikuwa bahati kwamba kulikuwa na mvua.

Baada ya kipyenga cha mwisho namba tisa alimfuata Akaliza, macho mekundu, akamuuliza, "Kwani ile haikuwa kosa?" Rutagengwa ndiye aliyemjibu, kwa Kiswahili cha kwao, kwamba kwa mguu ni kosa, kwa kichwa si kosa. Msichana aliwaza. "Tulisimama wenyewe, basi," alisema. "Si refa." Kisha akamkumbatia Akaliza, akaenda kuwaokota wenzake waliokuwa wamelala kwenye majani. Huyu naye angefaa Mahoko, mzee aliwaza.

*

Jioni Nengo palikuwa hapatoshi. Valentin alichoma brochette, mishikaki ya mbuzi, kwa wingi na kukaanga ndizi, na Mama Uwamahoro alikaa kwenye kichwa cha meza kana kwamba kombe ni lake. Katikati ya vyakula vyote hivyo, kwa mazoea ya siku kumi, Valentin alikuwa ameweka sahani moja ya kabichi ya kuchemsha. Bila mafuta.

Belise aliisukuma kwa Akaliza. Akaliza akaisukuma katikati.

"Leo hakuna shu ya mutu," alisema. "Hakuna kitu ilianguka."

Rutagengwa alinyoosha mkono akaivuta mbele yake.

"Hii ni yangu."

Wasichana wa mwisho wa meza walirefusha shingo kumwona.

"Karagwe, mwaka wa tisini na tatu," alisema, akiitazama sahani. "Fainali. Beki aliniita. Nikaudaka, ukaniponyoka, ukaingia. Nikawaambia watu wote kwamba ni mvua. Mpaka leo nilikuwa nasema ni mvua." Akamgeukia msichana. "Na humo humo, Akaliza, kuna na ile ya kukufokea. Mikono yako ina akili kuliko mimi."

Wasichana wale wawili wakatazamana, kama mahakimu wanaoshauriana, na Belise ndiye aliyeuliza, kwa sababu sheria ni sheria.

"Beki aliita, muzee. Na we uliitika?"

"Niliitika."

"Na sauti?"

"Kwa sauti."

Belise akamgeukia Mama Uwamahoro. Mama aliwaza, akatikisa kichwa kukubali.

"Basi iko yako," alisema Belise, na akamsogezea kijiko.

Nyama ilikuwa inapoa, na nje watu walikuwa wanapiga honi na kuimba jina la kabichi barabara nzima. Rutagengwa aliila yote, mpaka jani la mwisho, na Akaliza na Belise hawakugusa brochette zao mpaka alipomaliza.